Genge limejaa mboga, lakini wanangu hawali

Shikamoo Shangazi,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni mama wa miaka 29, naishi Kihesa hapa Iringa. Nina watoto wawili: wa kiume ana miaka sita na ameanza darasa la kwanza, wa kike ametimiza miaka mitatu. Kazi yangu ni genge. Nauza nyanya, vitunguu, karoti, hoho, chainizi, mnafu, msusa (majani ya maboga) ukipatikana, parachichi, ndizi, na msimu wa mapichi na peasi ukifika navyo naviweka. Alfajiri niko soko la Mashine Tatu kuchukua mzigo, saa moja nimeshafungua, nafunga giza likiingia.

Pamoja na hayo yote, Shangazi, wanangu hawali mboga za majani wala matunda. Mkubwa akirudi shule swali la kwanza ni "Mama, leo mboga gani?" Nikimjibu chainizi, uso unabadilika palepale. Anamega tonge, analigusisha kwenye mchuzi tu, majani anayasukuma pembeni ya sahani. Siku nyingine nachukua sahani niioshe, nakuta ameyafukia chini ya ugali aliobakiza. Mdogo anamwangalia kaka yake, naye anasema hataki. Wanachopenda ni chipsi, wali mweupe, mandazi na zile juisi za rangi za kwenye vichupa. Matunda ndiyo usiseme. Parachichi mkubwa anadai linamteleza mdomoni.

Nimejaribu kila njia. Nimemwahidi biskuti akimaliza mboga: anakula vijiko viwili huku amenuna, kisha anadai biskuti yake. Nimemchapa. Na naona aibu kuandika hili, ila mwezi uliopita nilichoka, nikambana pua nikamlisha chainizi kwa nguvu, kama bibi zetu walivyokuwa wakiwanywesha watoto uji. Akatapika yote. Tangu siku hiyo akiiona tu chainizi machozi yanamlengalenga.

Jioni nikifunga genge, kile ambacho wateja hawakununua ndicho ninachopika, maana siwezi kutupa mali. Mume wangu ni fundi magari, anarudi amechoka, yeye namwekea nyama au dagaa sahani yake mezani. Mimi na watoto tunakula jikoni. Yeye majani hali, anasema aliyala ya kutosha utotoni.

Kilichonisukuma kuandika ni kliniki. Nesi alimpima mdogo urefu, akasema yuko chini ya umri wake, nimlishe vizuri, kisha akaita mwingine kwenye foleni. Mama mkwe ananiambia nisihangaike, ukoo wao ni wafupi. Mimi usingizi sipati. Nauzia mboga mtaa mzima, na majirani wananitania kuwa mganga hajigangi. Nifanyeje?

Mama wa Genge, Kihesa


Marahaba mwanangu. Kamwene.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama mahali pamoja: "kile ambacho wateja hawakununua ndicho ninachopika." Uliliandika kama jambo la kupita, lakini kwangu mimi ndilo barua yenyewe.

Hebu tuifuate hiyo chainizi. Imechumwa jana yake, imekufikia alfajiri, imeshinda mezani kutwa. Umeinyunyizia maji mara nne isinyauke. Wanaojua mboga wamepita asubuhi, wakachukua mafungu yenye majani mororo ya ndani, wakakuachia yale ya nje yenye mishipa minene na ncha za njano. Hayo ndiyo yanayoingia kwenye sufuria ya wanao, usiku, wewe mwenyewe ukiwa hoi. Ni machungu, yana nyuzi, yamechoka. Ulimi wa mtoto husikia uchungu kuliko wangu na wako. Wateja wazima walikuwa wameshaikataa mboga hiyo kabla ya mwanao, na yeye ndiye aliyechapwa.

Sikulaumu. Mama anayeishi kwa genge anahesabu kila shina. Lakini kuanzia kesho fungu la kwanza liwe la nyumbani. Ukishapanga mzigo, kabla mteja wa kwanza hajafika, toa fungu moja zuri la majani, karoti mbili, nyanya, na tunda la kila mtoto. Weka kwenye kikapu chini ya meza, funika kwa kitambaa kibichi, na hesabu kwamba limeshauzwa. Najua utasema hiyo ni hela. Basi kwa wiki moja andika kwenye daftari la genge kila shilingi inayokwenda kwenye biskuti na juisi za vichupa. Nadhani utakuta fungu la nyumbani limeshalipwa. Na yale yanayobaki jioni, yapunguzie bei kabla giza halijaingia, au wape wenye kuku. Nyanya, karoti na hoho hazina shida, hizo hata za jioni pika.

Sasa sahani ya baba. Sisi Waswahili neno mboga ni chochote cha kulia ugali: nyama ni mboga, dagaa ni mboga, majani nayo ni mboga. Mwanao anapouliza "leo mboga gani?" anauliza pia leo sisi ni akina nani. Kila siku anaona yenye heshima inakwenda mezani kwa baba, na majani yanakuja jikoni kwa mama na watoto. Hujamwambia kuwa majani ni chakula cha wasio na kitu, ila ameliona hilo kila jioni. Baba naye kalimalizia kwa mdomo wake: aliyala ya kutosha.

Kwa hiyo zungumza na mume wako, na usizungumze akiwa anakula. Mweleze la kliniki kwanza, maana sidhani amelisikia lote. Kisha mwombe mambo mawili tu. Kwanza, angalau siku tatu kwa wiki wote mle pamoja, sufuria moja: ile nyama yake uikate vipande vidogo, uipike na karoti, njegere na nyanya, kila mtu apate. Pili, achukue majani mwanzo, mbele ya mwanawe, ayatafune, asiseme neno. Asimhubirie mtoto. Mtoto wa kiume wa miaka sita anamwigiza baba yake hata anavyokohoa. Tonge moja la mnafu mkononi mwa baba litafanya kazi ambayo fimbo yako haikuweza.

La kubana pua, mwanangu, liishe. Si kwa sababu ya aibu tu. Mtoto aliyebanwa pua anavuta hewa kwa mdomo uliojaa chakula, na chakula kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Kaa naye mahali patulivu umwambie: mama alikosea, sitakulisha tena kwa nguvu. Watoto wanasamehe upesi kuliko tunavyodhani. Kisha ipumzishe chainizi wiki tatu, isionekane kabisa kwenye sahani yake, maana sasa hivi haikatai kwa ladha, anakumbuka siku ile.

Na biskuti ya zawadi nayo iache. Mtafiti mmoja wa Marekani, Leann Birch, aliwajaribu watoto wadogo miaka ya 1980 kwa kinywaji cha maziwa. Walioambiwa wanywe ndipo wapate zawadi mwishowe walikipenda chini ya walivyokipenda mwanzo. Ukikitazama kwa jicho la mtoto kinaeleweka: kitu ambacho lazima ulipwe ndipo ukile, kitakuwaje kitamu? Biskuti ikiwepo nyumbani iliwe siku yake, isifungwe kwenye mkia wa chainizi.

Ujue pia kwamba watoto wa miaka miwili hadi sita wengi hukiogopa chakula wasichokizoea. Ni umri wenyewe, hana kiburi. Mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu mara nane, kumi, hata kumi na tano, ndipo akikubali. Sisi mama tunakata tamaa mara ya tatu. Weka kidogo sana, kijiko kimoja cha chai, pembeni ya kile anachokipenda. Akila sawa, asipokula ondoa sahani bila kununa, na kesho kutwa weka tena. Kazi yako ni kuchagua kinachopikwa na saa ya kula. Ale kiasi gani, hilo mwachie yeye.

Anza na vitamu. Karoti, boga, njegere changa, viazi lishe vile vya rangi ya chungwa. Mtoto aliyezoea wali na chipsi utamu wa boga anaufahamu, hauogopi. Ukishapata hizo, nenda kwenye msusa, ambao ni laini na hauna uchungu, hasa ukimenya zile nyuzi za kwenye mashina vizuri. Chainizi irudi baada ya hapo. Mnafu uwe wa mwisho.

Chainizi ikirudi, ipike hivi. Osha majani yakiwa mazima, ndipo ukate. Ukikata kwanza halafu ukaosha, vitamini zinakwenda na maji. Usiyakamue. Kata membamba kabisa, mishipa minene itupe. Kaanga kitunguu kwa mafuta kiasi mpaka kilainike, tia karoti iliyokwaruzwa, tia nyanya iive hadi irojeke, ndipo uweke majani. Geuza, funika, dakika nne au tano inatosha. Ikiwa bado kijani kibichi epua. Juu yake mimina karanga zilizotwangwa ukazikoroga na maji ya moto kidogo, zichemke mara moja. Mafuta hayo na karanga si ya ladha tu: vitamini A iliyomo kwenye majani na karoti mwili hauipokei vizuri bila mafuta. Karanga zichambue kwanza, zenye ukungu au zilizosinyaa tupa, humo ndimo sumukuvu inamokaa. Na kwa huyo wa miaka mitatu karanga zitwangwe kabisa, asipewe nzima, zinaweza kumpalia. Karoti mbichi nayo vilevile, mkwaruzie au mchemshie. Magadi usitie, yanalainisha majani upesi lakini yanaua vitamini.

Mnafu una uchungu wake, siwezi kukudanganya. Kwa watoto uchemshe kidogo, mwaga maji ya kwanza, kisha uunge kwa maziwa au karanga. Utapoteza vitamini kiasi, lakini mnafu uliomo tumboni una faida kuliko ulio pembeni ya sahani.

Usimfiche mtoto mboga kila siku ndani ya vyakula vingine. Wapo wanaosaga majani kwenye maharage mtoto asijue. Siku akigundua, atayashuku na maharage. Mimi napenda ajue anakula nini. Mjukuu wangu wa miaka minne mnafu alikuwa hataki hata kuunusa. Siku moja nilimkalisha mkekani, ungo katikati yetu, nikamfundisha kuchambua: jani huku, shina kule. Alikuwa anayahesabu, akifika kumi na moja anarudi saba. Ilituchukua saa nzima kuchambua fungu ambalo peke yangu ni dakika tano. Usiku alikula majani matatu, akamwambia mama yake hayo ni yale "ya kwangu". Matatu tu. Wiki iliyofuata yalikuwa kijiko.

Wewe una genge, una bahati kuliko mimi na ungo wangu. Mkubwa akirudi shule apitie hapo, mpe dakika kumi za kupanga nyanya mafungu. Jumamosi achague mwenyewe mboga ya jioni kati ya mbili ulizomtengea. Swali la "mboga gani?" mrudishie yeye: leo mboga gani, baba?

Matunda yasikusumbue sana, hayo ni mepesi kuliko majani. Linaloteleza mdomoni usiling'ang'anize lilivyo. Ponda parachichi, tia chumvi chembe na limau, paka kwenye mkate badala ya siagi. Au liponde na ndizi mbivu mpaka vishikane, mdogo atalila kwa kijiko kama uji mzito. Msimu wa mapichi mkatie mkubwa vipande aende navyo shule kwenye kikopo chenye mfuniko. Mtoto akiwa na kitu mkononi saa ya mapumziko wenzake watamwomba, na kinachoombwa na wenzake kinaongezeka utamu. Matunda damu changanya na ndizi, yakiwa peke yake watoto wengi yanawachachia. Tunda lenyewe lina nyuzinyuzi ambazo juisi haina, na zile juisi za rangi, nyingi zake ni maji, sukari na rangi, kwa hiyo usizihesabu.

Kiasi: Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilipendekeza mtoto wa miaka miwili hadi mitano apate angalau gramu 250 za matunda na mboga kwa siku, na wa sita hadi tisa gramu 350. Usikimbilie mizani. Ndizi moja ya wastani iliyomenywa ni kama gramu 100. Kwa siku, mdogo apate ndizi na kipande cha parachichi, na mboga ya kujaa kiganja chake mwenyewe mchana na jioni. Mkubwa mwongezee tunda. Hapo ndipo pa kufika, si pa kuanzia wiki hii. Ila kwetu mboga ni ya kushushia ugali, mlima wa ugali na tone la majani, na hata mtoto tunayemsifu kuwa "anakula mboga" anapata kijiko. Sahani ya mtoto anza kuweka mboga, ugali ufuate.

Chai msiinywe pamoja na chakula. Najua Mufindi na mashamba yake ya chai iko hapo jirani, na baridi yetu inaidai chai, lakini inauzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na maharage. Isubiri saa moja. Chungwa au limau wakati wa kula linafanya kinyume chake, linayasaidia madini hayo kuingia.

Nimeliacha la mdogo mwishoni kwa sababu linahitaji utulivu. Mama mkwe mheshimu, usibishane naye, lakini usimsikilize katika hili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa hapa Iringa karibu watoto 57 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ni 30. Njombe na Rukwa ni kama nusu ya watoto. Mikoa hiyo hiyo inayoitwa ghala la chakula, inayojaza malori ya mahindi na viazi kwenda Dar es Salaam. Ukoo hauwezi kuwa mfupi mkoa mzima. Tunalima, tunauza kilicho bora, nyumbani tunabaki na ugali. Nikiisoma takwimu hiyo naumia, na ndiyo maana nimelishikilia lile fungu lako la kwanza.

Lakini nisikupe matumaini ya uongo: majani na matunda peke yake hayamrefushi mtoto. Anahitaji pia yai, maharage, dagaa, maziwa, na anahitaji kula mara nne au tano kwa siku kwa sababu tumbo lake ni dogo. Zile dagaa za baba, zisage uwe unamtilia kijiko kwenye uji na kwenye mboga. Sehemu kubwa ya kudumaa hutokea tangu mimba hadi miaka miwili, kwa hiyo hayo yamepita, lakini miaka mitatu bado anajenga damu, kinga na akili. Usiache.

Rudi kliniki siku ambayo foleni ni fupi, na kadi yake. Mwombe nesi akuonyeshe kwa kidole alama ya mtoto iko wapi kwenye mchoro wa urefu na inaelekea wapi, na umuulize lini alipimwa damu. Muulize kama alipata dawa ya minyoo na matone ya vitamini A. Hutolewa Juni na Desemba kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na minyoo ikiwemo tumboni unawalisha wao. Kama hakuridhishi, uliza kama kuna ofisa lishe wa kituo hicho au wa halmashauri. Mpeleke na baba yake, akaione ile alama mwenyewe.

Baada ya wiki sita niandikie. Nataka kujua mkubwa amepanga mafungu mangapi, na baba alianza na mboga gani.

Shangazi yako